Hotuba ya Mwenyekiti: Kumkumbuka Mzee wa Butiama



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha miaka kumi. Habari za hisa na mikopo mtazisikia kwa mweka hazina. Sisi tumepewa kazi ya kumkumbuka mzee mmoja, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Leo hatumsemi yule wa jukwaani. Tunamsema baba wa familia wa Butiama.

Mwalimu alizaliwa Butiama, mkoa wa Mara, mwaka 1922. Baba yake, Mtemi Burito, alikuwa na wake 22, na mama yake, Mgaya, alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo shida za kina mama hakusimuliwa, alizikuta nyumbani. Alipokuwa mwanafunzi Makerere, miaka ya 1940, aliandika insha ya kutetea uhuru wa wanawake. Mwaka 1953 alimwoa Mama Maria, akaishi na mke mmoja huyo mpaka kufa.

Mwaka 1955 aliacha ualimu pale Pugu ili afanye kazi ya TANU. Mshahara ukakatika, na watoto wadogo wapo. Basi Mama Maria akawa na duka dogo la mafuta ya taa huko Dar es Salaam. Jamani, biashara ya mafuta ya taa tunaijua! Unapima kwa chupa, mikono inanuka, na faida ni senti tu. Tukisema uhuru uliletwa na fulani na fulani, tukumbuke pia senti za mama zilizonunua unga.

Tarehe 5 Novemba 1985 alimkabidhi Mzee Mwinyi urais. Uzeeni alikaa kwao Butiama, akalima, akacheza bao, akatunga tenzi za Biblia. Hata hivyo hakupumzika. Kuanzia mwaka 1998 alikuja hapa kwetu Arusha kuwapatanisha ndugu zetu wa Burundi. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Mkataba wa Burundi ulitiwa saini hapa Arusha tarehe 28 Agosti 2000, yeye hayupo.

Ndugu Mgeni Rasmi, kumkumbuka mzee si kumsifu tu. Ni wakati wa utawala wake Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilipopitishwa. Kwa sheria hiyo, mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Hiyo ni kwa wanaoachana. Tena Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi.

Sasa turudi Kisongo. Katika miaka hii kumi tumezika waume wa wenzetu. Mfuko wa jamii ulitoa rambirambi, tukapika, tukakesha. Lakini mjane mmoja, hata tanga halijaondolewa, akaanza kuulizwa shamba ni la nani. Shamba alilolipalilia yeye! Mbegu ya mahindi alinunua kwa mkopo wa kikundi, na daftari letu linaonyesha mpaka tarehe aliyomaliza kulipa. Kwenye karatasi za shamba ndiko jina lake halikuwemo.

Wazee wetu, leo hatuwaombi fedha. Tunawaomba mwende ofisi ya kijiji mkiwa hai, mkiwa na wake zenu, majina mawili yaandikwe kwenye hati. Kufanya hivyo si kujichulia kifo. Mtu hufunga zizi ng'ombe wakiwa ndani. Na nyie kina mama, msiogope kulisema hili nyumbani, semeni kwa heshima, lakini semeni.

Kamati imekubali kwamba mwanachama anayefuatilia hati ya majina mawili atapewa mkopo wa gharama hizo kabla ya mikopo mingine. Aliye tayari amwone katibu leo hii, kabla hatujafunga sanduku kwa zile kufuli tatu.

Mungu amrehemu Mwalimu, na awafariji wajane wote.