Jike Huandaliwa Zizini Kabla Mbegu Haijafika

*Mazungumzo kwa wafugaji wa kata kuhusu uhimilishaji wa ng'ombe*



Mfugaji wa Singida huhesabu mwaka wake kwa msimu mmoja wa mvua, unaoanza takriban Novemba na kuishia Aprili. Baada ya hapo malisho hukauka na malambo hupungua maji. Kwa hiyo siku ya kumpandisha ng'ombe jike haifai kuachiwa bahati. Mimba ya ng'ombe huchukua takriban siku 283. Jike aliyeshika mimba katikati ya Februari huzaa mwishoni mwa Novemba, majani mabichi yakiwa yanachipua. Aliyeshika mimba katikati ya Agosti huzaa mwishoni mwa Mei, na ndama wake hulelewa kiangazi chote.

Uhimilishaji humwezesha mfugaji kuchagua siku hiyo, na kumchagua dume pia. Mbegu za madume bora huzalishwa nchini katika Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichopo Usa River, mkoani Arusha. Hutiwa katika mirija myembamba na kuhifadhiwa ndani ya mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, yenye ubaridi wa nyuzi 196 chini ya sifuri. Njia hii ilifunguka mwaka 1949, wanasayansi wa Uingereza walipogundua kwamba gliserini huzilinda mbegu zisife zinapogandishwa. Zikitunzwa hivyo hudumu miaka mingi, hata baada ya dume mwenyewe kufa.

Faida yake ni kubwa. Mwenye ng'ombe wawili hupata ndama wa dume ambaye asingeweza kumnunua. Magonjwa yanayoenezwa na dume anayezunguka toka zizi hadi zizi huepukwa, na dume hampandi tena binti yake.

Hata hivyo, jike asiposhika mimba, lawama huangukia mbegu au mhimilishaji. Mara nyingine lawama hiyo ni ya haki. Lakini mbegu njema haimsaidii jike aliyekonda, wala jike ambaye joto lake lilipita bila mtu kuliona. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika zizini, kabla mtungi haujafika.

Kwanza ni afya ya jike. Aliyezaa apumzishwe siku 45 hadi 60 ili kizazi kirudi katika hali yake. Mtamba asiharakishwe, afikie kwanza angalau asilimia 60 ya uzito wa ng'ombe mkubwa wa aina yake. Mtamba mdogo asipewe mbegu ya dume wa aina kubwa, kwa kuwa kuzaa kwaweza kumuua yeye na ndama. Jike apewe dawa ya minyoo, maji ya kutosha na madini ya kulamba. Mkoa huu una alizeti nyingi. Mashudu yake, pamoja na mabua yaliyohifadhiwa baada ya mavuno, humrudishia jike mwili ambao kiangazi kimeuchukua.

Pili ni kulitambua joto. Jike asiye na mimba huingia kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, yaani kati ya siku 18 na 24. Joto hudumu takriban saa 12 hadi 18, na kwa ng'ombe wetu wa asili huweza kuwa fupi zaidi. Dalili ya uhakika ni jike kusimama tuli anapopandwa na wenzake. Nyingine ni kulia mara kwa mara, kutotulia, maziwa kupungua, na kutokwa ute mwangavu unaovutika. Aliyeonekana asubuhi ahimilishwe jioni ya siku hiyo. Aliyeonekana jioni ahimilishwe asubuhi inayofuata.

Hapa ndipo kaya nyingi hupoteza. Anayeiona dalili ni kijana mchungaji, au mama anayekamua alfajiri. Mwenye simu na mwenye kauli ni baba, naye huenda yuko mnadani. Mpaka arudi, joto limekwisha, na siku 21 za malisho zimekwenda bure. Likikosekana mara tatu, miezi miwili imepita, na mvua nazo hazisubiri. Inafaa kaya ikubaliane mapema: anayeona ndiye anayepiga simu, na fedha ya huduma iwe imetengwa.

Tatu ni siku yenyewe. Jike afungwe mahali imara penye kivuli, wala asikimbizwe wala kupigwa. Yawepo maji safi. Mhimilishaji huyeyusha mbegu katika maji ya nyuzi 35 hadi 37 yaliyopimwa kwa kipimajoto, kwa nusu dakika au zaidi kidogo, kisha huitumia bila kuchelewa. Mfugaji ana haki ya kuyaona hayo, na kusomewa namba na aina ya dume iliyoandikwa kwenye mrija. Aiandike pamoja na tarehe, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Madume ya zizini yatengwe, la sivyo baba wa ndama hatajulikana.

Kati ya siku ya 18 na ya 24 jike aangaliwe tena. Akirudia joto, mhimilishaji aitwe. Asiporudia, apimwe mimba baada ya miezi miwili hadi mitatu.

La mwisho ni ndama mwenyewe. Chotara wa maziwa hula zaidi, hunywa zaidi, na huuawa upesi na ndigana kali kuliko ndama wa asili. Kaya isiyo na maji ya karibu wala josho la uhakika itafute hayo kwanza, ama ichague mbegu ya aina inayostahimili ukame. Ndama bora akifa kwa kupe, gharama yote ya uhimilishaji imekufa naye.