Kustaafu mapema: bei ya miaka mitano

Msikilizaji, mwalimu au muuguzi wa Dindira, kule milimani Korogwe, anaweza kustaafu kwa hiari akifika miaka 55. Kwa lazima ni 60. Je, miaka hiyo mitano ina thamani gani?

Tuanze na hesabu. Kikokotoo cha pensheni kilichoanza Julai 2022 hugawa miezi uliyochangia kwa 580. Aliyeajiriwa akiwa na miaka 25, akitoka na 55, ana miezi 360: takribani asilimia 62 ya wastani wa mshahara wake, kabla ya kuchukua malipo ya mkupuo. Akisubiri 60, inafika 72. Na pengo hilo atakaa nalo maisha yake yote.

Kwa upande wa pili, wapo waliochoka, wapo wagonjwa, na wapo wanaotaka kulima chai wangali na nguvu. Hoja yao ina uzito. Ila chai husubiri mvua na bei; ada ya chuo ya mtoto haisubiri.

Swali basi, msikilizaji: mkupuo ukishaishia shambani, pensheni iliyopungua itatosha kuitunza familia mwaka ambao shamba limegoma?