Sala Zilizokaa Kinywani: Somo la Wakelti kwa Majirani wa Karatu

(Matini ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya waumini na majirani katika maadhimisho ya hekalu)



Tunawashukuru kwa kutualika sisi majirani zenu wa Karatu tuseme machache katika siku yenu hii kuu. Mlituomba tuzungumzie ibada za wazee wetu. Tumeona vema tuanze mbali kidogo, kwa watu wa magharibi ya Ulaya waitwao Wakelti, kwa kuwa lililowapata wao linatunyemelea nasi, na kinga yake tumeiona humu ndani ya hekalu lenu.

Jambo hili lilituingia moyoni siku tulipoketi na mgeni mmoja kutoka Wales, aliyelala mjini kwetu akiwa njiani kwenda Ngorongoro. Alitueleza kwamba yeye na wenzake hukusanyika msituni mara kadhaa kwa mwaka kuadhimisha sikukuu za Wakelti wa kale. Tukamwuliza, "Sala mnazosali mlifundishwa na nani?" Alinyamaza kidogo, kisha akajibu, "Na vitabu. Wazee waliozijua walikufa zamani mno." Jibu hilo halijatutoka.

Wakelti wa kale walikuwa na makuhani walioitwa Wadruidi. Julius Caesar, jemadari wa Roma aliyepigana nao katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, aliandika katika karne ya kwanza kabla ya Kristo kwamba baadhi ya wanafunzi wao walitumia miaka 20 kujifunza mashairi ya dini kwa moyo. Mafundisho hayo hayakuruhusiwa kuandikwa. Yalikaa kinywani mwa mwalimu na sikioni mwa mwanafunzi. Kisha, yapata mwaka 60 baada ya Kristo, jeshi la Roma lilivamia kisiwa cha Mona, ambacho leo ni sehemu ya Wales, likawaua watu na kuifyeka misitu yao mitakatifu. Baadaye Ukristo ukaenea. Mashairi yale ya miaka 20 hayakubaki hata moja.

Kilichobaki ni vipande. Watawa wa Kikristo wa Ireland waliandika hadithi za kale, na humo zimetajwa sikukuu nne: Samhain mwanzoni mwa Novemba, Imbolc mwanzoni mwa Februari, Beltane mwanzoni mwa Mei, na Lughnasadh mwanzoni mwa Agosti. Majina tunayo, maneno ya sala hatuna.

Watu walipotaka kuirudia njia hiyo, ikawabidi kuziba mapengo. Mwaka 1792 mwashi mmoja wa Wales, Edward Williams, aliyejiita Iolo Morganwg, aliongoza mkutano wa washairi kwenye kilima cha Primrose Hill, London, akisema kwamba ameurithi utaratibu wake kutoka kwa Wadruidi. Wataalamu walikuja kugundua kwamba mengi aliyatunga mwenyewe. Mzunguko wa sikukuu nane unaofuatwa na wengi leo ulipangwa katikati ya karne ya 20. Na wapo wanaokwenda kusali Stonehenge, ilhali mawe yale makubwa yalisimamishwa zaidi ya miaka 2,000 kabla ya Caesar kuzaliwa.

Hatuyasemi haya kwa kejeli. Mtu anayetafuta sala ya babu yake hastahili kuchekwa. Utaratibu wa Iolo sasa ni mila halisi ya Wales, na mwaka 2010 kundi moja la Wadruidi wa leo lilitambuliwa rasmi nchini Uingereza kuwa taasisi ya hisani ya kidini. Mti uliopandwa upya nao ni mti. Ila aliyeupanda aseme ameupanda lini, asidai kuwa ni ule wa kale.

Sasa tugeukie hekalu lenu. Veda nazo zilikaa kinywani kwa karne nyingi sana. Tofauti iko katika ulinzi. Mwanafunzi wa Veda hakuachiwa akariri apendavyo. Alilirudia neno la kwanza na la pili, kisha la pili na la kwanza, kisha tena la kwanza na la pili, hata asiweze kudondosha silabi wala kupotosha sauti bila kugunduliwa. Na hakuwa peke yake: mwalimu alisikiliza, na wenzake walisikiliza. Mwaka 2003 UNESCO iliutangaza usomaji huo wa Veda kuwa miongoni mwa hazina za urithi wa wanadamu. Wadruidi walikuwa na kinywa na sikio, nanyi mlikuwa na kinywa na sikio. Mnyororo mmoja ulikatika na mwingine ukadumu.

Wetu uko katikati. Sisi Wairaqw tulifika Karatu kutoka nyanda za juu za Mbulu, kutoka Irqwa Da'aw. Wazee wetu walimwita Mungu Looa, jina ambalo pia ni la jua, na katika lugha yetu husemwa kama jina la kike. Kwao alikuwa kama mama mwenye huruma. Nyinyi mnaolisalimu jua alfajiri kwa mantra ya Gayatri hamtaona ugeni hapo. Wazee walipomaliza kikao, mmoja alisimama akaanza slufay, shairi refu la baraka: aombe mvua, aombe watoto, mifugo na amani ya mipaka. Kila kauli yake iliitikiwa na wote waliokuwapo. Slufay haina msemaji mmoja. Asiyeitikia ameitoa baraka mlangoni.

Majirani zetu nao wana yao. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi hucheza epeme usiku usio na mwezi, katika giza kama lile la amavasya ambamo nyinyi huwasha taa za Diwali. Wadatoga humjengea mzee mwenye heshima kilima cha kaburi kwa kazi ya miezi mingi. Wamaasai wa Ngorongoro huelekea Oldoinyo Lengai, Mlima wa Mungu, kuomba mvua na uzazi. Mlima huo bado unawaka. Mwaka 2007 ulirusha majivu mbali. Mila hizi hazikutolewa vitabuni. Wenye kuzijua wapo, nasi tunawaamkia njiani.

Lakini wanapungua. Karibuni tulihudhuria harusi moja. Mzee mmoja alisimama akaanza slufay. Wazee wanne waliitikia. Vijana walikuwa wengi, tena wenye adabu. Walinyanyua simu zao wakamrekodi kwa utulivu kabisa, na hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa. Alipoketi alituambia kwa sauti ya chini, "Leo nimesali peke yangu." Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, nasi tunakubali. Lakini siku hiyo tuliona kwamba daftari peke yake halitoshi. Simu ilihifadhi sauti, haikuitikia.

Wapo miongoni mwetu, Wakristo na Waislamu, wanaohofu kwamba kujifunza maneno haya ni kuiacha dini. Hofu hiyo tunaiheshimu, na hatumwombi mtu abadili ibada yake. Ila watazame Ireland. Brigid ni jina la mungu wa kike wa kale, na pia ni jina la mtakatifu wa Kanisa. Mwaka 1993 moto wake uliwashwa tena mjini Kildare, na waliouwasha ni masista wa Kikatoliki. Tangu mwaka 2023 sikukuu yake ni mapumziko ya kitaifa. Kuomba mvua na amani kwa lugha ya bibi yako hakumvunjii Mungu heshima.

Kwa hiyo tuna maombi matatu. Kwa wazazi wa Karatu: mpelekeni mtoto kwa mzee angali hai, akae, asikilize, aitikie. Kwa vijana: rekodini, lakini andikeni jina la mzee, mahali na tarehe, na mnapoongeza la kwenu, semeni wazi kuwa ni la kwenu. Kwa ndugu zetu wa hekalu: tumewaona watoto wenu, wanaozungumza Kiswahili mchana kutwa, wakija hapa jioni kukariri sala za Kisanskriti na kusahihishwa kwa upole hadi sauti ikae sawa. Tufundisheni namna ya kufundisha. Tukikosa ukumbi, tuazimeni wenu, Jumamosi moja kwa mwezi.

Tusingependa mjukuu wetu aulizwe na mgeni sala zake alifundishwa na nani, naye anyamaze kidogo kabla ya kujibu.

Mungu alibariki hekalu hili, na aibariki Karatu kwa mvua ya wakati wake.