Mchango wa Yerusalemu: Hiari na Utaratibu katika Utoaji wa Kikristo

Katika miaka ya 50 BK, Mtume Paulo alikuwa na shughuli iliyomtaabisha kwa muda mrefu: kuchangisha fedha. Aliyaomba makanisa machanga ya Galatia, Makedonia na Akaya yawasaidie Wakristo maskini wa Yerusalemu, mji ambao waumini wengi wa makanisa hayo hawakuwahi kuukanyaga. Hoja ya mhadhara huu imejengwa juu ya mchango huo: moyo wa hiari hulindwa na utaratibu mzuri, na pasipo utaratibu huo hugeuka haraka kuwa shuruti.

Korintho, huko Akaya, haukuwa mji wa wanyonge. Warumi waliubomoa mwaka 146 KK, ukajengwa upya kuanzia mwaka 44 KK, na bandari zake mbili, Lekaio na Kenkrea, ziliuletea biashara ya mashariki na magharibi. Wakristo wake waliahidi mapema kuchangia. Mwaka ukapita, na mchango ulikuwa haujakamilika. Wakati huohuo Wamakedonia, ambao Paulo anawaeleza kuwa watu wa dhiki na ufukara mkubwa, walikuwa wakimsihi awaruhusu nao washiriki.

Hapo ndipo zilipoandikwa sura ya 8 na ya 9 za Waraka wa Pili kwa Wakorintho. Ukizisoma kwa makini, jambo moja linashangaza: Paulo hataji kiwango. Hazungumzii fungu la kumi hata mara moja, na anasema wazi kwamba hatoi amri. Kipimo chake ni kile mtu alicho nacho. Asichokuwa nacho hadaiwi. Katika waraka wa kwanza alikuwa amekwisha kuwaelekeza kila mmoja aweke akiba siku ya kwanza ya juma, kadiri alivyofanikiwa, ili michango isianze kukusanywa kwa pupa siku atakapofika.

Hata hivyo Paulo hakuwaachia tu. Aliwakumbusha kwamba amewasifia mbele ya Wamakedonia, na kwamba itakuwa aibu wageni wakiwakuta hawajajiandaa. Hilo ni shinikizo, na halifai kufunikwa. Lakini aliuona mpaka wake. Aliwatuma ndugu watangulie kuukamilisha mchango, ili uwe tayari kama zawadi, usionekane kama kitu kilichokamuliwa.

Kuhusu fedha zenyewe alikuwa mwangalifu kupita kiasi, na alikuwa na haki. Hakutaka kuzibeba peke yake. Pamoja na Tito, mtenda kazi mwenzake, alimtuma ndugu aliyechaguliwa na makanisa, kusudi mtu yeyote asipate la kulaumu. Kitabu cha Matendo kinawataja wasafiri walioandamana naye: Sopatro wa Beroya, Aristarko na Sekundo wa Thesalonike, Gayo wa Derbe, Timotheo, na kutoka Asia Tikiko na Trofimo. Wataalamu wengi wanawaona kuwa wajumbe wa makanisa yaliyochanga. Mhazini yeyote wa usharika anayehesabu sadaka mbele ya wenzake anafuata njia hiyohiyo.

Kanisa la Afrika Mashariki lina mfano wake hai. Ibada ikiisha katika sharika nyingi za Kilutheri vijijini Kilimanjaro na Kagera, watu hawatawanyiki, mnada unaanza. Mzee wa kanisa anainua kilicholetwa madhabahuni: mkungu wa ndizi, debe la mahindi, kuku aliyefungwa miguu, mayai machache ndani ya bakuli. Bei inapanda kwa utani na vicheko. Aliyemnunua kuku pengine anamrudisha auzwe tena, au anampa bibi aliyesimama karibu. Mama asiye na shilingi mkononi ameleta mayai yake, na sadaka yake imepita mlango uleule uliopitiwa na noti za mwenye duka.

Ndiyo maana inaumiza kuona mahali pengine majina yakisomwa mbele ya kusanyiko pamoja na kiasi cha kila bahasha, na walio nyuma ya ahadi zao wakitajwa pia. Anayetoa ili asitajwe amelipa faini, na uongozi wa kanisa uliomfikisha hapo una wajibu wa kuubadili utaratibu huo.

Safari ya Paulo ya kupeleka mchango Yerusalemu haikuisha kwa shangwe. Trofimo alionekana mjini pamoja na Paulo, watu wakadhani ameingizwa hekaluni ingawa hakuwa Myahudi, ghasia zikazuka na Paulo akakamatwa. Alipojitetea mbele ya liwali Feliki, alieleza kwamba alikuja kuwaletea watu wa taifa lake sadaka. Katika kifungo kingine, au pengine hichohicho, Wafilipi, watu wa Makedonia ileile, walimpelekea msaada kwa mkono wa Epafrodito. Naye hakuishia kukabidhi mzigo: alibaki kumhudumia mfungwa, akaugua karibu kufa, na Paulo akamrudisha kwao kwa barua ya kuwaomba wampokee kwa furaha.