Daftari la Mangi

Msikilizaji, Oktoba mwaka 2022 kampuni changa ya huko Austin, Texas, iitwayo Jasper, ilipata dola milioni 125 kutoka kwa wawekezaji. Kazi yake ilikuwa kuandika matangazo kwa akili mnemba. Unaiambia unauza viatu, inakupa maneno ya kuuzia viatu. Thamani yake ikapigiwa hesabu, ikafika dola bilioni moja na nusu. Mwezi na siku kadhaa baadaye, tarehe 30 Novemba, OpenAI wakaitoa ChatGPT, tena bure. Huduma ambayo Jasper walikuwa wakiiuza kwa malipo ya kila mwezi, sasa mwanafunzi wa chuo aliipata bila kulipa senti. Na Jasper wenyewe walikuwa wakitegemea mitambo ya hao hao OpenAI. Mwenye nyumba kafungua duka barazani, bidhaa zile zile anazouza mpangaji.

Katikati ya 2023 Jasper wakapunguza wafanyakazi, na Septemba wakabadilisha mkurugenzi mkuu. Hawakufa. Wamejishikiza kwa makampuni makubwa yanayotaka matangazo ya mtindo wao maalumu. Lakini ile ndoto ya Oktoba ilikwisha.

Nimeanzia Texas kwa sababu hapa kwetu, Dar es Salaam na Nairobi, ndoto hiyo bado inauzwa. Kijana anasimama mbele ya majaji wa mashindano na programu ya kuandika barua za maombi ya kazi, au ya kufupisha hotuba, au ya kujibu wateja wa duka la nguo. Inafanya kazi vizuri, watu wanapiga makofi. Hakuna anayemuuliza itakuwaje siku wenye modeli, kina OpenAI na wenzao, watakapoongeza kitufe kimoja kinachofanya hayo yote.

Upande wa pili nao una hoja, tena nzito. Mwanzoni mwa 2025 Maor Shlomo, kijana wa Israeli, alianzisha peke yake Base44, huduma inayomwezesha mtu asiyejua kuandika programu aieleze tu kwa maneno, kisha atengenezewe. Hakuchukua fedha za wawekezaji. Juni mwaka huo huo kampuni ya Wix ikamnunua kwa takriban dola milioni 80, wakati timu yake nzima ilikuwa watu wanane. Ukimwambia kijana yule kwamba akili mnemba imeua fursa, atacheka mpaka machozi yamtoke.

Kwa hiyo fursa zipo. Ila kilichoshuka bei ni kutengeneza. Miaka michache tu nyuma, mwenye wazo pale Sinza alihitaji kwanza mtaalamu wa programu, na mtaalamu alikuwa mtu wa "wiki ijayo, kaka", wiki ijayo inayogeuka miezi minne. Leo mwenye wazo anakaa asubuhi na kompyuta yake, jioni ana kitu cha kuonyesha watu. Tatizo ni kwamba jirani yake, mwenye wazo lile lile, naye jioni anacho. Ukiwekeza kwenye kitu kinachotengenezwa kwa siku moja, jiandae kuigwa kwa siku moja.

Sasa twende Nairobi, maana huko kuna mfano ulionikaa kichwani. Penda Health ni mtandao wa kliniki za bei nafuu. Ndani ya mfumo wao wa kumbukumbu za wagonjwa wameweka mtambo uitwao AI Consult, unaotumia modeli ya OpenAI. Mhudumu anapoandika dalili, anapoagiza kipimo, anapochagua dawa, mtambo unasoma nyuma yake kimyakimya. Taa ikiwa ya kijani, endelea. Ikiwa ya njano, kuna ushauri, ukitaka usome. Ikiwa nyekundu, simama usome kabla hujasogea. Matokeo yalitolewa mwaka 2025, baada ya kufuatilia mahudhurio 39,849 katika kliniki 15. Makosa ya kutambua ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16, na ya matibabu kwa asilimia 13. OpenAI wenyewe walishiriki katika utafiti huo, basi tuupokee kwa tahadhari. Pia wagonjwa walipoulizwa baadaye wanaendeleaje, tofauti kati ya waliohudumiwa kwa msaada wa mtambo na waliohudumiwa bila mtambo haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitika kitakwimu.

Kinachonivutia mimi ni njia waliyopita. Toleo la kwanza lilimtaka mhudumu mwenyewe aombe ushauri. Nani ana muda huo, foleni imefika mlangoni na mtoto analia? Ikabidi mtambo uhamie nyuma ya kazi, unyamaze mpaka kuna jambo. Hata hapo kuweka tu hakukutosha. Wahudumu waliona nyekundu wakapita nayo, mpaka wenzao walipokaa nao, wakaelekezana, na matumizi yakafuatiliwa. Modeli waliyotumia inaweza kununuliwa na yeyote mwenye kadi ya benki. Kliniki zenyewe, kumbukumbu za wagonjwa, na mkuu wa kliniki anayejua nani kati ya watu wake hapendi kuambiwa, hivyo havimo kwenye bei ya modeli.

Hapo ndipo ninapoiona fursa ya kampuni zetu changa, na haipo mbali. Nenda kwa mangi yeyote, mwenye duka la mtaani kwako, umwombe akuonyeshe kaunta buku la madeni. Ukurasa umegawanywa kwa rula, kisha rula ikasahaulika. "Mama Zuwena kona, mchele kilo 2." "Fundi pikipiki, bado buku tatu." "Mwalimu mpya", hana jina, mangi mwenyewe anajua ni yupi. Aliyelipa amepigiwa mstari, aliyelipa nusu amewekewa alama ambayo mangi peke yake ndiye anayeielewa. Ndani ya daftari lile mna habari ambayo benki ingeilipia: nani hukopa mwisho wa mwezi, nani hulipa Jumamosi, bidhaa gani huisha kabla ya sikukuu.

Modeli za leo zinaweza kusoma picha ya ukurasa ule, pamoja na mwandiko wake wa haraka. Miaka mitano iliyopita kazi hiyo ingehitaji maabara. Lakini mangi hakupi daftari. Anamwogopa mtu wa kodi, anamwogopa mwenye duka la pili, na wengine, tuseme ukweli, wanamwogopa mke. Atakayemfanya mangi alifungue mbele yake, kwa hiari, mwezi wa kwanza na wa sita, huyo ana biashara ambayo hakuna mtu San Francisco atakayeichukua kwa kuongeza kitufe.

Kuna gharama nyingine ambayo vijana huigundua bili ikishakuja. Modeli hukata maneno vipande vipande kabla ya kuyasoma, na unalipa kwa idadi ya vipande, kwa dola. Kiingereza, ambacho modeli zimekishiba, hukatwa vipande vichache. Kiswahili na vitenzi vyake virefu hukatwa vingi zaidi. Ujumbe ni ule ule, bili ya Mwanza inaizidi ya Manchester, huku mteja wa Mwanza akilipa kwa shilingi.

Nafuu imekuja kutoka kwa modeli zilizo wazi, ambazo mtu anaweza kuzichukua na kuziendesha mwenyewe. Mwaka 2023 Jacaranda Health ya Kenya, ambalo ni shirika lisilo la faida, ilichukua Llama ya Meta, ikaifundisha Kiswahili na kuiita UlizaLlama, isaidie kujibu maswali ya wajawazito. Tena hawakuanza na modeli. Walikuwa tayari na huduma ya ujumbe mfupi ambayo kina mama waliizoea na kuiuliza mambo yao. Kisha Januari 2025 Wachina wa DeepSeek wakaachia modeli yao ya R1, nayo ni ya wazi, na mwezi huo huo, katika siku moja tu ya soko, kampuni ya Nvidia, inayouza chipu za akili mnemba, ikapoteza karibu dola bilioni 600 za thamani sokoni. Wall Street walilia. Mwenye kampuni changa Mwanza alipaswa kuchinja kuku, maana modeli zikishuka bei, anayefaidi ni yule mwenye kitu cha kuzilisha.

Basi niseme na waandaaji wa mashindano, wawekezaji, na hizi programu za kulea wajasiriamali. Fomu zenu nyingi siku hizi zina kisanduku cha kueleza unavyotumia akili mnemba, na vijana wamejifunza kukijaza, wengine kwa kuitumia hiyo hiyo akili mnemba. Ongezeni kisanduku cha pili: nani amekubali kuwapa kumbukumbu zake, na kwa masharti gani? Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022, Kenya tangu 2019, na deni la Mama Zuwena ni taarifa binafsi hata kama limeandikwa kwa penseli. Kijana anayekuja na makubaliano ya mangi arobaini wa Mbagala, yakieleza nini kitapigwa picha, nani atakiona na jina la nani litafichwa, mpeni kiti cha mbele hata kama programu yake bado ina kasoro. Na fedha za ushindi, ambazo mara nyingi huishia kwenye kompyuta mpya na kodi ya ofisi yenye kiyoyozi, zimlipie nauli na chakula cha miezi sita akae dukani, upande wa ndani wa kaunta.