Kabla Hujanunua Bunduki ya Ndege

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo)

Juma lililopita mzee mmoja wa darasa letu aliniuliza hivi: "Mwalimu, nimeuza ng'ombe wawili. Kanga wanafukua mbegu zangu. Na kijana wangu aliye mjini ananiambia kuna mchezo wa kupiga visahani hewani. Ninunue bunduki gani?" Nikamwambia, mzee wangu, swali lako ni la wengi. Tulizungumze pamoja.

Naanza na mjomba wangu. Alikuwa na bunduki ya marisawa namba 12. Siku moja alipewa risasi na rafiki yake, akazitia zote mfukoni. Kumbe baadhi zilikuwa namba 20. Alipoona kanga akatia risasi moja. Ilikuwa ile ndogo, ikateleza ndani ya mtutu na kukwama. Akafyatua, kimya. Akafungua bunduki, akaona patupu, akadhani amesahau kutia. Akatia namba 12, akafyatua tena. Mtutu ulipasuka. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto vilikwenda.

Namba ilikuwa imeandikwa kwenye kitako cha risasi, tarakimu mbili tu. Mjomba hakujua kusoma. Ninyi mnajua. Basi someni! Siku hizi risasi nyingi za namba 20 ni za rangi ya manjano ili zisichanganywe, lakini msitegemee rangi peke yake.

Sasa namba hizi maana yake nini? Chukua ratili moja ya risasi ya madini, yaani gramu 454 hivi. Igawe madonge 12 ya mviringo yaliyo sawa. Tundu linaloenea donge moja ndilo namba 12, upana wake milimita 18 na nusu. Ukigawa madonge 20, kila donge ni dogo zaidi, na tundu ni milimita 15 na nusu hivi. Ni kama ugali: walaji wakizidi, tonge hupungua. Kwa hiyo namba ndogo ni tundu kubwa.

Kwa bunduki ya kwanza, namba 12 inafaa watu wengi. Risasi zake hupatikana kwa urahisi zaidi, tena zipo kali na zipo pole. Mwenye mwili mdogo aweza kuchukua namba 20. Lakini msidanganyike na wepesi. Bunduki nyepesi, ikitiwa risasi yenye nguvu, hupiga bega sana.

Chagua ile inayokunjika katikati, ya mtutu mmoja au miwili. Ikikunjwa, kila aliye karibu anaona kama ina risasi au haina. Huo ni usalama mkubwa kwa mtu anayejifunza.

Halafu ijaribu mwilini, kama unavyojaribu viatu. Hakikisha ni tupu. Fumba macho, iweke begani, kisha fumbua. Je, jicho linatazama sawasawa juu ya mtutu? Kitako kirefu mno hukwama kwenye nguo, na kifupi mno humfanya mtu ajigonge pua kwa kidole gumba chake. Ikiwa ni kuukuu, tazama ndani ya mtutu kwenye mwanga. Ukiona kutu, shimo au uvimbe, usinunue. Mwite fundi aikague kwanza.

Angalia na mdomo wa mtutu. Mingine imebanwa kidogo ili marisawa yasitawanyike upesi, kama mpira wa maji unavyobanwa kwa kidole maji yaende mbali. Anayejifunza atake uliobanwa kidogo tu. Na msipige ndege aliye mbali zaidi ya hatua 35 hivi. Atajeruhiwa, aende kufia porini bure. Lakini marisawa yenyewe yaweza kuruka zaidi ya mita 200. Fikirini mtoto anayechunga mbuzi nyuma ya kichaka.

Ule mchezo wa visahani upo kweli. Zamani Ulaya na Marekani walipiga njiwa hai. Mwaka 1880 Mmarekani George Ligowsky akabuni kisahani cha udongo kinachorushwa na mtambo. Katika Olimpiki ya leo, risasi moja ya mchezo huo huwa na gramu 24 tu za marisawa. Bunduki ya namba 12 niliyoieleza yaweza kuanzia kazi zote mbili.

La mwisho ni sheria. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Huwezi kununua wala kukaa na bunduki bila kibali. Anzeni kwa kuuliza polisi, si kwa muuzaji. Na kibali cha silaha si kibali cha kuwinda. Kuwinda kuna leseni yake, chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Hata kanga ana sheria.

Kwa hiyo, mzee wangu, ng'ombe wako wawili usiwaharakishe. Pengine kulinda shamba majuma mawili ya kwanza, alfajiri na jioni, kutakutosha bila bunduki. Ukiona bado waihitaji, tafuta kibali, ijaribu begani, na usome namba kila mara.

Mjomba bado yu hai. Akimwona mtu na risasi mkononi humwuliza neno moja tu: "Umesoma?"

Sasa leteni maswali.