Kiti cha Musa



Injili ya Dominika hii, Mathayo sura ya 23, yatuonyesha viongozi waliokalia kiti cha Musa, wakiwatwika watu mizigo ambayo wao wenyewe hawaibebi. Tuangalie vema: Bwana wetu anawakemea wenye kiti; waliotwikwa anawahurumia.

Tofauti hiyo twaisahau upesi tunapozungumzia dini za wenzetu. Tuchukue mfano wa Wamormoni, ambao kanisa lao lilianzishwa Marekani mwaka 1830. Hadi Juni 1978 viongozi wake waliwanyima ukuhani wanaume wenye asili ya Afrika. Tena, Februari 2023, mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya mitaji ilitoza kanisa hilo na kampuni yake ya uwekezaji faini ya jumla ya dola milioni 5, kwa kuwa ukubwa wa mali ulifichwa nyuma ya kampuni nyingine kwa miaka mingi. Kanisa hilo lilisema linajutia makosa yaliyofanyika.

Je, muumini wa kawaida ana hatia gani? Yeye hutoa fungu la kumi la mapato yake. Hufunga mara moja kwa mwezi, na thamani ya chakula alichojinyima huwapa maskini. Mafundisho yake hatuyakubali, lakini sadaka yake tusiidhihaki.

Nasi tunaolaumu, tujitazame. Mama wa kigangoni hapa Mpanda anayejitwisha debe la mpunga wakati wa mavuno na kulileta kanisani, ana haki ya kusomewa hesabu. Padre au mwenyekiti anayekasirika akiulizwa, amekwisha kukaa katika kiti kile kile. Nasi mapadre twakiri: si kila tulipoulizwa tulijibu kwa upole.

Mkoa wetu wa Katavi una mfano wa njia nyingine. Adrian Atiman alitekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa, akasomea utabibu Malta, akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Hakuwa askofu wala padre. Alikuwa katekista na tabibu, akawahudumia wagonjwa hadi uzeeni, akafariki huko huko mwaka 1956. Kiti hakuwa nacho. Mizigo ya watu aliibeba.

Basi, wiki hii tulio viongozi tufungue madaftari kabla hatujaulizwa. Nanyi waamini ulizeni bila woga na bila matusi. Mwenyezi Mungu atujalie neema hiyo. Amina.